Jumapili Zetu Kwenye Mzinga wa Kijerumani

Neema, mwanangu wa mgongoni,

Ujumbe wako wa sauti nimeurudia mpaka wateja wakaanza kunung'unika. Eti Ijumaa utasimama mbele ya watu huko Ujerumani, uwaeleze habari za mizinga iliyolinda viwanda vyao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia! Tena umeniambia kwa Kiswahili, wewe ambaye hapa Johannesburg nilikusemesha Kiswahili ukanijibu Kiingereza. Niliyekuwa namsuka akasema, "Eish, Mama Neema, uko na mutoto!" Nikamjibu, "Ninajua. Inamisha kichwa."

Unakumbuka Jumapili zile baada ya ibada? Wenzako walitaka aiskrimu. Wewe ulinivuta mpaka makumbusho ya vita, kwenye ule mzinga mkubwa wa Kijerumani wa kutungulia ndege. Mimi niliyekimbia bunduki kule Kivu nikiwa nimekubeba, nilisimama mbali, mkoba kifuani, nikijiuliza nimezaa mtoto wa namna gani.

Siku moja mzee aliyetembeza wageni alikueleza kwamba mizinga kama ule ilizungushwa kwenye viwanda vya mafuta na vya chuma, na wanaume walipopungua, wakaletwa wavulana wa shule kuihudumia. Usiku wanapiga ndege, mchana mwalimu anawafuata palepale na vitabu. Ukageuka, ukaniuliza kwa Kiswahili safi, "Mama, kama Bahati?"

Nilikushika mkono tukaondoka. Jina la kaka yako ulilisikia kwa shangazi, si kwangu. Wenye bunduki walimchukua shuleni akawabebee risasi, wewe hujaanza hata kutambaa, na hakurudi. Tangu tufike huku sikuwahi kumtaja.

Hukuuliza tena. Ulisoma tu, ukasoma, chuo kikuu hapa mjini, Braamfontein, kisha huko Ujerumani. Leo wenye mizinga yao wanakaa wakusikilize wewe, binti wa msusi wa mtaa wa Fordsburg! Jumapili nilitubu kiburi, kisha nikajivuna tena palepale kwenye benchi.

Sasa unaniuliza kama nakuruhusu kumtaja Bahati hiyo Ijumaa. Jana nilikwenda peke yangu kwenye mzinga wako. Safari hii nilisogea, nikaugusa. Chuma baridi tu. Nikawawaza wale wavulana, na mama zao nyumbani wakisikia ving'ora. Nikalia, mwanangu, nikalia sana. Halafu nikanunua aiskrimu, nikaimaliza yote.

Mtaje. Waambie alikuwa mvivu wa kufua na hodari wa hesabu, na kwamba ndiye aliyekuchagulia jina, baba yako alitaka lingine. Waambie taratibu, usikimbilie maneno kama kawaida yako. Ijumaa ndiyo siku ya pesa, lakini saluni nitaifunga nikusikilize kwenye simu. Na uvae sweta.

Ni mimi mama yako,
Mama Bahati