Upande wa Nyuma wa Turubai

Mahakamani, mjini
4 Agosti 1986

Mpendwa dada Nozuko,

Natumaini umeamka salama na goti la mama limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia tangu ndugu yetu Zolile auawe.

Barua hii anakuletea Mama Nosisa, muuza vichwa vya kondoo, kwa sababu barua za posta zinafunguliwa. Leo Sajini Gqirana alikuja ofisini, akaketi juu ya meza yangu ya ukarani, akanywa chai yangu. Ameiambia mahakama kwamba Zolile alianguka kutoka kwenye lori. Wewe ulimwona akimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka fuvu likabonyea. Akaniuliza kama ni kweli unachora picha ya kutundikwa mazishini. Nikasema sijui. Akacheka.

"Karani, dada yako ana vidole vizuri. Mwambie avitunze."

Dada, nakusihi, ifute. Kumzika mmoja kunatosha.

Mdogo wako,
Lwandile

7 Agosti

Mdogo wangu Lwandile,

Mama anakusalimu. Goti bado, ulimi mzima. Anauliza kama siku hizi unakula chakula au unakula hofu tu.

Kufuta hakuwezekani. Turubai hili ni la hema kuukuu la kanisa, na sikulipaka ile rangi ya kuziba nyuzi. Liko tupu, linakunywa. Nilipolilowesha kwanza, zambarau ilitambaa yenyewe kama damu iliyovilia chini ya ngozi. Hivyo ndivyo nilivyolipata shavu la Zolile. Nilipoliacha kavu, mstari ulikaa palepale: ndiyo sare ya Gqirana, na kovu la kwenye nyusi. Rangi ya ardhi nimeichanganya na majivu ya matairi na matofali yaliyopondwa. Ukipitisha kiganja, inakukwaruza.

Lakini nimekusikia. Jana nilipaka nyeupe upande wote wa mbele. Jumamosi njoo ulitundike mwenyewe mlangoni mwa hema la mazishi, nyeupe ielekee barabarani, kwa polisi.

Dada yako,
Nozuko

19 Agosti

Dada mpendwa,

Mkono unaendeleaje? Mama Nosisa anasema bado unalishwa kwa kijiko. Mimi sijambo, na naona aibu kuwa sijambo.

Nililitundika kama ulivyoagiza. Niliona nyeupe tu, roho ikatulia, mpaka wimbo ulipokatika ndani ya hema. Nilipoingia na kugeuka, rangi zako zilikuwa zimepenya hadi upande wa pili, zikiwatazama waombolezaji: Zolile chini, Gqirana juu yake. Hukuniambia, kwa kuwa unanijua.

Gqirana mwenyewe aliingia kuuliza mbona tumenyamaza, akajiona. Kisha akaubana mkono wako wa kuume juu ya jeneza. Kila kidole kilipovunjika chini ya kitako cha bunduki nilisikia, na sikusogea.

Jana alinitupia turubai, nilichome uani. Nikachoma magunia, akauona moshi, akaridhika. Picha yako inakuja na barua hii, chini ya vichwa vya kondoo.

Usishtuke ukikuta maandishi kwenye upande wa picha, chini ya kiatu chake. Nimeandika jina lake na alichokufanyia, kwa wino wa ofisi na mwandiko ambao mahakama nzima inaujua. Hofu ikanishika, nikausugua kwa maji. Ukazidi kuzama.

Basi nikaandika na jina langu.

Mdogo wako,
Lwandile