Hodi Zote Tatu

Baba,

Shikamoo. Sijui kama huko mnaitikia, ila adabu ni adabu.

Kile kisanduku chetu cha kugeuza namba za kwenye kompyuta kuwa sauti nimekimaliza. Transfoma nimeichomoa kwenye redio ya zamani, kama ulivyotaka. Waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini, niliulehemu na kuubandua mpaka mngurumo ukakata. Hapa Mtama mji mzima ni jenereta na pikipiki, lakini ndani ya spika zetu hasikiki hata mbu. Ungefurahi, halafu ungetafuta kosa.

Nilikipima kwa ile rekodi yako. Unakumbuka ulivyosimama mlangoni mwa karakana ukapiga hodi tatu, nami nikakucheka? Ulisema, "Muziki hudanganya. Hodi itakuambia mtu amesimama wapi." Basi ulikuwa mlangoni, Baba. Si ndani ya spika. Mlangoni, mchana kweupe, na pazia limetulia. Nililia hadi pua ikaziba.

Nikamwita Mama naye asikilize. Ulipopiga ya pili, akaitika, "Karibu, mume wangu."

Ya tatu haikuja.

Nilidhani kompyuta imekwama. Nikairudia peke yangu, bila kuitika, na zote tatu zikasikika. Nikamwita tena. Akaitika tena, ya tatu ikakosekana tena. Nimekagua kila kiungo nilicholehemu. Mimi fundi, mwanao, sikuona kosa.

Tangu siku hiyo Mama hali chakula. Kila alasiri anatandika mkeka, anapakua ugali na kisamvu sahani mbili, anaiwasha rekodi, anakuitikia, kisha anakaa kukutazama. Mimi namwona anatazama pazia. Mashavu yamembonyea. Jana aliniambia nipunguze sauti ya redio, maana umechoka, umeshavua viatu.

Naogopa, Baba. Si wewe ninayekuogopa. Naogopa utaondoka naye.

Nina hamu nawe kuliko unavyojua. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hupiga hodi tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka bila kinyongo. Leo shangazi amemchukua Mama kwenda Milola. Niko peke yangu karakanani. Nitaicheza rekodi hii mara ya mwisho, halafu nitaifuta. Mama nitamlisha kwa mkono wangu mpaka mashavu yarudi. Hiyo ni ahadi.

Kwaheri, Baba. Mungu akulaze pema.

Sasa piga, zote tatu. Nimejiziba mdomo kwa kanga.