Nafasi ya Mtoto wa Kwanza

Kibondo Mjini,
Mkoa wa Kigoma.
Tarehe 9 Juni 2025.

Mpendwa mwanangu Tharsisi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mama yako. Mnaendeleaje huko Songea? Nasikia baridi ya mwezi huu inauma mpaka mifupa. Esteri mkeo kile kifua kimepona? Na wajukuu zangu Ildefonsi na Epifania wanakula vizuri? Usinijibu kwamba wanakula tu, niambie wanakula nini. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto. Zamani lilikuwa linauma mvua ikikaribia. Sasa mvua imeisha na bado linauma, sijui linatafuta nini.

Maharage tumevuna. Si mengi kama ya mwaka jana lakini yamejaa vizuri, nimekuwekea debe moja.

Mwanangu, nakuandikia kwa sababu simu unakata. Nikitaja mdogo wako tu, nasikia tii, basi. Barua haina pa kukatia. Kwa hiyo kaa chini, kunywa chai kwanza, halafu soma mpaka mwisho. Hii nimeiandika siku nne kwa mkono wangu, sikutaka mtu aniandikie.

Nitamwita Firdausi, maana ndilo jina analoitika sasa. Ni miaka sita tangu Akimana wetu alipoolewa na Nurudini wa duka la vitenge pale Kasulu na kufuata dini yake. Mimi pia nililia, usifikiri sikulia. Lakini na wewe ulitoka Katoliki ukaokoka, ukaja hapa ukaniondolea Bikira Maria ukutani. Ulipoondoka nilimrudisha kwenye msumari wake, na simu yako sikuikata hata siku moja.

Sasa nikwambie kitu ambacho huko hujakisikia. Firdausi na wenzake wana kikundi cha kuimba. Wanakutana Jumamosi mchana, nyuma ya duka la Nurudini. Yeye ndiye anayeanzisha wimbo. Shangazi ya mumewe, Mwanaamina, anapiga dufu, na mama huyu ana mikono midogo kama ya mtoto lakini akilipiga, kifua chako kinaitika. Gitaa anapiga Stanislaus, Mkongomani aliyeoa hapo Kasulu. Zamani alikuwa katekista. Vita vilichukua mama yake, na tangu hapo miaka kumi na moja hakuweza kusali, mdomo ulikuwa unafunguka na neno halitoki.

Nyimbo zao si kama za kwaya wala si kama kaswida, ingawa nasikia vyote viwili ndani yake. Ni za watu waliopotea au kuuawa bila kuzikwa. Wana sheria yao: wimbo hautaji aliyeua. Unataja aliyekufa na kitu alichokipenda, basi. Atakayeleta jina anakaa nao kwanza, anawaeleza walivyoagana, naye hakatizwi. Hata chai haimiminwi mpaka amalize.

Wakiimba, Firdausi anamuuliza marehemu kwa jina lake, “Umefika?” Hapo dufu linanyamaza, gitaa linanyamaza. Mtoto wa kwanza wa marehemu ndiye anayejibu, “Amefika.” Kisha wote wanapokea kwa sauti kubwa mpaka unasikia nywele zinasimama. Asipokuwepo mtoto wa kwanza, ile nafasi wanaiacha tupu, wanaendelea na ubeti mwingine. Hawamruhusu mtu mwingine.

Siku ya kwanza kwenda niliwabebea beseni la mahindi na maharage, nikifikiri wanamuziki wana njaa. Kumbe ilikuwa Ramadhani! Niliweka beseni katikati, wote wakaniangalia, nikatamani ardhi inimeze. Stanislaus akalivuta kwake. “Maman, leta hapa, miye niko na njaa ya watu bote.” Akala peke yake ili nisiaibike. Mwanaamina akamwambia, “Kula polepole, kaka, mwezi huu shetani amefungwa, utatuambia nani kakushawishi?” Tulicheka mpaka machozi. Nilirudi Kibondo nikiwa nimewapenda.

Mwezi wa tano waliitwa kuimba Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi, nami nikafuatana nao. Wanawake walikuja na vitoto mgongoni, Warundi kwa Wakongo, wengine na rozari, wengine na hijabu. Ilipofika zamu ya mama yake Stanislaus, akaulizwa, “Veronika wa mihogo, umefika?” Stanislaus alishika nyuzi zote kwa kiganja, akasema, “Amefika.” Sauti ilikuwa ndogo, lakini nakwambia hata waliokuwa nje ya uzio waliisikia. Baadaye nilimuuliza kama amerudi kusali. Akasema, “Sala sijaipata bado, Maman. Usingizi nimeupata.” Na mbele yake walikuwa wamepanga mstari watu wanaotaka kuleta majina ya kwao. Niliwahesabu mpaka nikaacha.

Mwana wanje, mwanangu Firdausi, binti yule niliyemvusha mpaka wa nchi akiwa mgongoni, amefunga hijabu yake, amesimama pale, na watu wazima wanamwendea kama wanavyokwenda kisimani. Niliona fahari mpaka nikamwambia mwanamke niliyekaa naye, “Yule wangu.” Akaniambia, “Mshukuru Mungu.” Hakuniuliza yupi.

Kisha akaimba wimbo wa baba yenu. “Pasikali wa mizinga, mpigia nyuki mluzi, umefika?” Dufu na gitaa vikasimama. Nikainuka nimjibie. Firdausi akatikisa kichwa. “Si wewe mama. Ni kaka.” Wakapita, wakaendelea na ubeti mwingine, na mimi nikabaki nimesimama na neno mdomoni.

Sasa nafika pale ninapopaogopa. Ili wimbo ule utungwe, ilibidi mimi nieleze nilivyoagana na baba yenu. Nilieleza, Tharsisi, na nilieleza jambo ambalo wewe hulijui.

Unakumbuka mwaka ule tulivyokimbia vita kwetu ng'ambo ya mpaka. Baba yenu alitufikisha upande huu, kwenye migomba ya mjomba wenu huko Munanila. Wewe ulikuwa na miaka tisa, ulikuwa unamlilia mbuzi wako mweupe. Akarudi ng'ambo, hakuonekana tena. Watu wakasema alimfuata mbuzi wa mtoto. Nawe ulisikia. Tangu siku ile hukugusa nyama ya mbuzi, na ulipoanza kuhubiri, kila mahubiri yako yanaishia kwenye kuomba msamaha. Mimi mama yako nilikuwa naona, nikanyamaza.

Hakumfuata mbuzi. Nilimtuma mimi. Nilikuwa nimeacha sufuria jipya nililopewa siku ya harusi, nikamwambia, “Kimbia mara moja, bado kuna utulivu.” Alitaka kukataa. Nikamwambia, “Unaogopa?” Akacheka, akaenda akipiga mluzi.

Sufuria, mwanangu. Miaka thelathini na zaidi nimekuacha ubebe mzigo wangu kwa sababu nilikuwa naona aibu. Nilikuwa nasema utasahau, wewe ni mtoto. Kisha ukawa mtu mzima nikasema nimechelewa. Nisamehe. Hukuwa na kosa lolote, hata dogo. Ulikuwa mtoto unayemlilia mbuzi wako, ndivyo watoto walivyo.

Nilipomaliza kueleza, mdogo wako alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchambua. Akauliza tu, “Na kaka anajua?” Nikasema hajui. Akasema, “Basi mwandikie yeye kabla hatujatunga.” Sikuweza, wakatunga, wakaimba kambini, ndiyo leo naandika. Hakunilaumu. Kesho yake baada ya kuwaeleza nilikwenda sokoni nikanunua sufuria jipya, la kwanza tangu lile, nikampelekea, nikamwambia hili ni lako, halijawahi kupikiwa kisicho halali. Akalipokea kwa mikono miwili.

Ninachoomba ni hiki. Unajua hatujawahi kuganduka, hatujamwondolea baba yenu msiba, kwa sababu hatukuwa na kaburi na mtoto wa kwanza hakutaka. Nataka tuganduke Jumamosi tarehe 26 Julai, huko Munanila, kwenye migomba ileile. Kikundi kitakuja. Kuku atachinjwa na Nurudini. Pombe ya ndizi itakaa kwa mjomba wenu, anayeitaka ataifuata huko. Wewe uliyeokoka hunywi, Nurudini naye hanywi, kwa hiyo mtakaa meza moja ya soda, mpende msipende.

Sikuombi ukubali dini yake. Naye hakuombi. Hujaimba tangu ulipokuwa mdogo, najua, na hutaimba. Neno lenyewe ni moja tu. Liseme kwanza polepole huko nyumbani kwako mlango ukiwa umefungwa, ulizoee, halafu uje ulisemee hapa.

Kama baada ya kusoma haya umenikasirikia mimi, sawa, nikasirikie. Lakini njoo nayo hiyo hasira, tuikalishe hapa pamoja.

Msalimie sana Esteri, mwambie anywe maji ya tangawizi na asali, nimemtunzia asali ya hapa Kibondo. Wabusu Ildefonsi na Epifania. Mjomba wako wa Munanila anakusalimu, na Nurudini, na Mwanaamina, na Stanislaus ambaye hujamwona lakini anakujua. Firdausi hakuniambia nikusalimie. Amesema salamu zake zimo kwenye wimbo.

Mungu aliyetuvusha akulinde wewe na nyumba yako, akushike barabarani kutoka Songea mpaka huku, dereva asilale. Siku utakayofika nitakuwa nimesimama stendi ya Kasulu tangu asubuhi, goti liume lisiume. Nitakuona unashuka, na nitakuuliza mbele za watu, Tharsisi, umefika?

Ni mimi mama yako akupendaye,
Leokadia