Majina Mawili Mlangoni

Ntinda, Kampala
Jumapili, 8 Oktoba 1989
Leo ni miaka mitatu na miezi miwili tangu niondoke nyumbani mara ya mwisho.

Kwa mke wangu Dorkasi, mama Loise,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote walio katika boma letu. Mguu wa mama umepona tangu alipojikata na jembe? Na mtoto wetu Ketsia, kikohozi kimemwacha? Mimi nipo. Kazi ninayo, chakula napata, mgongo unauma kila jioni lakini hilo umeshazoea kulisikia. Nikisema niko salama nitakuwa nimekudanganya, na barua hii nimeianza mara nne ili nisikudanganye tena.

Ile barua yako nililetewa na dereva wa lori la mahindi. Nimeisoma mpaka karatasi inakatika kwenye mkunjo. Unasema Loise anajiandaa kwa ubatizo, na kwamba unawafundisha watoto kila jioni kabla ya chakula, na kwamba alikuuliza swali ukashindwa. Alitaka kujua kukombolewa ni nini hasa: ni mtu aliyelipiwa, au ni mtu aliyesamehewa tu, au ni mtu aliyetoroka? Ukaniambia, wewe ndiwe baba yake, mwandikie.

Dorkasi, kabla hujamsomea mtoto neno lolote la barua hii, isome wewe peke yako.

Nataka kusema juu ya mlango wetu. Nilikuambia tajiri wangu alinipa alipovunja nyumba yake ya zamani, kwa sababu nilimfanyia kazi vizuri. Hakuna tajiri aliyenipa mlango. Niliung'oa mwenyewe kwenye nyumba ya watu, Januari ile ya 1986 vita vilipoingia Kampala.

Kazi ilikuwa imesimama. Askari wa serikali iliyokuwapo walikuwa wamekimbia, na watu walikuwa wanatoka katika nyumba zisizo na wenyewe wamebeba magodoro, viti, hata masufuria yenye masizi. Nilijiambia wenyewe hawatarudi, na nisipochukua mimi atachukua mwingine. Niliingia nyumba moja hapa chini ya Ntinda, kwenye njia ya kwenda Kyambogo. Chumba cha mbele hakikuwa na kitu tena. Mlango ndio ulibaki, wa mvule, mzito, mzuri, na upande wa ndani umepakwa weusi kama ubao wa shule. Nilikuwa na patasi na nyundo yangu.

Nilipokuwa nafungua bawaba ya juu nikasikia sauti kutoka chumba cha ndani. "Nani?" Nikashusha nyundo. Ikasema tena, polepole, "Kama unatoka, tafadhali funga mlango. Mimi siwezi kusimama."

Nilisikia kila neno. Hakuwa anapiga kelele. Alisema tafadhali. Nikahamisha patasi, nikaipiga bawaba ya pili. Nilijitwika ule mlango kichwani nikaondoka, na sikwenda kuangalia ni nani aliyelala mle ndani.

Miezi minne niliuficha katika chumba changu kule Wandegeya, nikitandika mkeka juu yake na kulala. Halafu nikaupandisha lori mpaka Busia, nikauleta, nikautundika kwa mikono yangu, na majirani wakaja kuugusa. Unakumbuka ulivyofurahi. Uliniuliza kwa nini nimekonda hivyo. Nilisema ni maji ya Kampala.

Nakuambia ukweli, ile sauti haijaniacha. Laiti ningeuona uso wake ningekuwa na uso mmoja wa kuogopa. Sasa inaingia kwa yeyote. Mwenye nyumba wangu akimwambia mtoto wake afunge mlango, mimi naacha sahani. Mzee akikohoa kanisani mstari wa nyuma yangu, sigeuki. Mara mbili nimehama chumba. Kila chumba kina mlango.

Sasa niseme juu ya majina. Wewe ndiye uliyeyaona kwanza, kule juu, yamechorwa kwa msumari chini ya ule weusi: AMOSI na PENINA. Ukaniuliza ni akina nani nikasema ni watoto wa tajiri wangu. Wewe ukawaambia watoto wetu, basi tuwaombee hao, baba yenu asikose kazi. Katika kila barua unaniandikia, "Jana tena Ketsia aliwaombea Amosi na Penina." Hujui ulivyokuwa ukinichoma, mke wangu. Hukuwa na kosa.

Wiki tatu zilizopita fundi wangu, huyu Mganda tunayemwita Ssalongo kwa kuwa ana mapacha, alipata kazi ya kupiga plasta nyumba ya mjane mmoja. Tulifika asubuhi. Mimi sikuitambua nyumba. Kumepandwa migomba, barabara imetengenezwa, watu wamejenga kila upande. Nilikoroga simiti, nikajaza karai, nikaingia. Mlango wa mbele ulikuwa bati lililopigiliwa kwenye mbao. Nikaitazama fremu. Upande wa juu kushoto mbao imepasuka, pale patasi yangu ilipoteleza.

Nilisimama nikijiambia fremu za Kampala zote zimepasuka. Halafu mwanamke akaita kutoka nyuma ya nyumba, "Amosi! Penina! Kuja hapa!"

Karai liliniponyoka. Ssalongo akaruka. "Wewe Mukenya! Umekunywa asubuhi yote hii? Hiyo simiti ni ya baba yako?"

Nikasema ni jua. Akasema, "Jua gani ndani ya nyumba?"

Mjane huyo anaitwa mama Amosi. Mume wake alikuwa karani wa polisi, mtu wa Arua kama yeye. Anaishi na watoto hao wawili na mama yake mzazi, bibi kizee ambaye ni Mwislamu na anasali sala zake pale pale barazani huku binti yake akifundisha watoto habari za Yesu. Hawagombani. Bibi husikiliza yote na kutia neno lake. Mama Amosi alisomeshwa dini na mumewe, na tangu afe yeye ndiye anayefundisha jioni, tukiwa tunaosha vyombo vya kazi.

Siku hizo sikuweza kula chakula chao. Walituletea muhogo na maharage, nami nasema nimeshiba. Siku ya tatu bibi akamwambia Ssalongo mbele yangu, "Huyu mutu yako hakuli chakula yetu. Mutu kama hakuli, iko neno ndani ya tumbo yake."

Ssalongo akacheka. "Mama, huyo Mukenya anaogopa kurogwa."

"Mimi niroge huyu? Ya kuroga iko wapi? Tazama shingo yake."

Jioni hiyo mama Amosi alikuwa anawaeleza watoto juu ya yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Bwana, jinsi alivyoahidiwa peponi siku ile ile. Amosi ana kama miaka kumi na miwili. Akasema, "Lakini huyo walikuwa wamemukamata tayari. Ya kwetu bado anatembea."

Mama yake akarudi kwenye somo. Nikamuuliza bibi kwa sauti ya chini, mwizi gani? Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilitaka aseme ni mwizi wa baiskeli.

Bibi akanieleza. Mkwe wake alikuwa mgonjwa kitandani vita vilipofika. Aliwafukuza waende, kwa sababu watu wa kaskazini kama wao walikuwa wanaogopa kulipiziwa kisasi, na yeye hangeweza hata kufika barabarani. Walikwenda. Waliporudi siku ya tano nyumba haikuwa na mlango. "Hiyo siku mbwa zilikuwa mingi mujini, hazina wenyewe," akasema. Kisha akasema, "Ugonjwa ingemuua, hiyo tunajua. Lakini watoto hawakuona uso ya baba yao. Tulifunika, tukazika."

Dorkasi, nilimaliza kuosha koleo nikarudi chumbani kwangu. Siku mbili sikwenda kazini. Nilifikiria kurudi nyumbani, kisha nikakumbuka nyumbani ndiko mlango ulikotundikwa.

Jumamosi ya juzi kazi iliisha. Ssalongo alipoondoka nilibaki. Nikamwambia mama Amosi, ni mimi niliyechukua mlango wako, uko kwangu Kenya. Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta, na nilidhani hakunisikia. Halafu akauliza, "Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Alisema nini?"

Nikamwambia. Alinifanya nirudie. Aliuliza kama sauti ilikuwa na nguvu, kama alikohoa, kama alitaja jina la mtu. Nikajibu kila kitu. Nilielewa kwamba miaka hii yote amekuwa akitafuta neno la mwisho la mumewe, na neno hilo nililishika mimi.

"Wewe ulimujibu nini?"

"Sikumjibu."

Bibi kutoka barazani akasema, "Nilisema mimi. Tumbo."

Nilijua angeweza kuwaita polisi waliofanya kazi na mume wake. Nilikuwa tayari, au nilijidanganya niko tayari. Badala yake aliwaita watoto. Akaniambia, "Ambia hawa wewe mwenyewe. Mimi nimechoka kuwaelezea makosa ya watu."

Nikakaa chini nikawaambia. Amosi alinitazama mdomoni wakati wote. "Ulisikia akisema hawezi kusimama?" Nikasema nilisikia. Akauliza tena vile vile, kana kwamba nitabadilisha. Nikasema nilisikia. Akainuka akaenda nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo hajasema nami neno. Nikienda kuwasalimu anaondoka.

Nikawaambia pia juu ya majina, kwamba yapo bado, na kwamba watoto wangu wanawaombea kila jioni bila kuwajua. Hapo mama Amosi aliweka ungo chini akajifunika uso kwa khanga. Penina ni mdogo, labda ana miaka minane. Akaniuliza, "Wanatuombea nini?"

Sikujua. Niandikie, Dorkasi. Muulize Ketsia maneno yenyewe, usiyatengeneze, nimpelekee.

Nilitaka kumtengenezea mama Amosi mlango mpya. Akakataa. "Huo huo. Baba Amosi aliupaka nyeusi na unga ya betri na uji ya muhogo, mimi nilimushikia kopo. Huo huo. Ukishafika ndiyo utaniuliza mambo ya kusamehe. Na sijakuahidi." Sikumlaumu. Jioni hiyo aliweka sahani mbele yangu, nikala. Chakula kilikuwa kimepoa.

Sasa, swali la Loise. Nimekaa nalo. Kwamba Bwana alilipa, nalisadiki, nilifundishwa hivyo na mama yangu na sitaki kufundisha mwanangu lingine. Lakini kwa miaka mitatu nililitumia neno hilo kama blanketi. Nilikuwa nasema, amelipa, basi imekwisha, huku mjane ananing'iniza bati mlangoni. Mimi nilikuwa yule mtu wa tatu aliyetajwa na Loise, yule aliyetoroka. Aliyetoroka hajakombolewa, mwambie hivyo. Yeye bado anakimbia. Mengine nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana, kwa sababu ameuliza vizuri kuliko sisi watu wazima.

Usiung'oe wewe. Usiupake weusi tena. Endelea kuwaandikia masomo hapo kwa chaki mpaka nije, na wasiache kuwaombea wale watoto. Sasa hivi usiwaambie ni akina nani, hilo ni langu. Najua utakuwa na hasira juu yangu, na haki unayo. Ulijivunia ule mlango mbele ya dada zako. Kama unaona ni vibaya watoto wajue baba yao alifanya nini, niambie, tutazungumza. Ila mlango utarudi Kampala hata hivyo. Kwa muda tutatundika gunia, nami nitatengeneza mwingine nikirudi mara ya pili.

Nisalimie mama, mwambie asilime mpaka kidonda kifunge. Nisalimie kaka yako mkubwa, mwenye posho mill ya kusaga mahindi, na shemeji yangu mkewe. Nisalimie mwalimu wa kanisa, mwambie nitataka kusema naye kabla ya ubatizo. Jirani yetu mwenye ng'ombe mweupe, yule aliyenisaidia kuutundika, msalimie pia lakini usimweleze kitu. Wabusu watoto, Ketsia mara mbili.

Ni mimi mume wako,
Zakayo, baba Loise

Nitafika Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kwa gari la mchana kutoka Busia. Nitakaa Jumapili tu. Jumatatu asubuhi nitaushusha mlango na kuupeleka barabarani. Ni mzito kuliko ninavyoukumbuka, na mgongo wangu si ule. Mwambie Loise aje aushike upande mmoja, kama bado atataka kushika kitu pamoja nami.