Ndoo Chini ya Meza ya Wataliana

Al Hail, Sib,
Maskati.
Jumapili, 23 Novemba 2025

Mpendwa Mahbuba, binti ami yangu,

Assalaam alaykum. Kabla hujaniuliza hali, ujue kwamba unaandikiwa na mtu mashuhuri. Kakako Harub katokea kwenye televisheni ya Wataliana, papo kwa papo, Ghuba nzima ikimtazama, na watu wakampigia makofi mpaka taa zikatikisika. Wanawake wawili walilia.

Haya, basi. Hakuna aliyelia. Kilichoonekana ni mgongo wangu, kwa muda wa chafya mbili, na makofi yalipigwa kwa sababu kuna mtu aliyenyanyua ubao. Nitakueleza. Lakini ungeniacha nijisifu kidogo ungepungukiwa na nini? Nna miaka sabini na sita, na mpaka leo picha yangu ya maana ilikuwa ile ya kifua, hospitali.

Hali zenu huko Kikwajuni? Goti lako vipi? Nasikia siku hizi unapanda ngazi ukimlaani fundi aliyezijenga, moja baada ya moja, na shemeji Saeed nyuma yako anaitikia amina. Mungu akupe afya, na fundi ampe msamaha. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Sukari yangu inapanda na kushuka kama lifti. Joto limetuonea huruma, jioni mtu anaweza kukaa barazani bila ya kuiva.

Usishangae kupata karatasi wakati simu ninayo. Simu yangu anaisoma Ghadeer, mjukuu wa dada yangu Mahfudha, na ya Mahfudha anaisoma yeye yeye, na nnayotaka kukwambia dada yangu hatakiwi ayaone. Kwa hivyo vumilia hati yangu. Niliacha skuli kabla mwalimu hajafika pahala pa kuipamba.

Unaikumbuka ile homa iliyompata Mahfudha miaka miwili nyuma. Homa ilikwenda zake, ikaondoka na pua yake na ulimi wake. Mwanamke aliyekuwa akiitwa kupika harusi za watu kutoka huku mpaka Nizwa, leo umpe karafuu mkononi hajui kama ni karafuu au vijiti. Chumvi na sukari kwake mamoja. Anapika kwa macho, kwa mikono na kwa kukumbuka.

Na sisi tulifanya nini? Tulifanya alichofunzwa kila mtoto wa kwetu, kwamba chakula hakitiwi ila. Chumvi ikizidi, tukasema tamu. Kitunguu kikiungua, tukasema hasa. Miaka miwili tumekula na kusifu. Na Mahfudha si mjinga. Akaanza kututazama tukila kama askari wa uwanja wa ndege anavyotazama paspoti, anaangalia picha, anakuangalia weye.

Sasa huyu Ghadeer kasoma Kitaliana, na anafanya kazi ya ukalimani kwenye kampuni moja yao. Wataliana wa hapa wana televisheni yao ya mtandaoni, na kila mwezi, Ijumaa alasiri, wanarusha kipindi cha nyimbo, vichekesho na mapishi, wanatazamana wenyewe kwa wenyewe kutoka hapa mpaka Kuwait. Kila mara wanamwita jirani mmoja wa Maskati aje na chakula cha kwao. Ghadeer akamtaja bibi yake. Tulidhani Mahfudha atakataa. Akakubali pale pale, hata hajamaliza kuulizwa.

Usiku ule akanivuta pembeni. Akanambia, "Hawa hawanijui wala hawanionei huruma. Wakila, nitajua."

Akachagua boko boko la kuku. Alikaa nalo siku nzima. Mahbuba, ungemwona. Kwa kuwa hanusi, alikuwa analisikiliza. Kaweka sikio karibu na mfuniko, maana anasema ngano ikitaka kushika chini sauti ya sufuria inabadilika, inakuwa kama mtu anayenong'ona na kukohoa. Kila ikikohoa, anapiga mwiko. Alipokwenda kusali nikaiba bakuli moja. Kisha nikaiba la pili. Wallahi lilikuwa boko boko la mama. Samli mahala pake, chumvi mahala pake, kuku kapotea ndani ya ngano kama hajapata kuwa na mifupa. Nikafuta mdomo, nikanyamaza, maana alishanikataza kusema neno.

Mimi nikawa dereva na mbeba sufuria. Tukaenda Rusayl, ghala moja walilolikodi katikati ya viwanda. Mbele wamejenga ukumbi mzuri, vitambaa vyekundu, maua, meza zenye watu waliovaa. Mimi wakaniweka nyuma ya pazia. Na nyuma ya pazia, dada, ndipo niliponyimwa hamu ya kula kwa siku tatu, mimi ambaye unanijua.

Nianze na keki. Keki nzuri, ndefu, nyeupe kama kilemba. Nikapeleka kidole. Ile nyeupe ni povu la kunyolea ndevu, la kopo, kwa sababu malai halisi ya maziwa inayeyuka kwenye zile taa zao. Zabibu zimepakwa mafuta ya nywele ili zing'are. Sahani ya tambi imekaa pale tangu asubuhi, imekauka kama kamba ya katani, msichana anakuja kila baada ya nusu saa anaipulizia dawa, na inzi wa Rusayl, ambao si inzi wa kuchagua, wanaipita.

Mwimbaji wao haimbi. Sauti inatoka kwenye mashine, yeye anafungua mdomo na kuufunga kama samaki changu aliyetoka majini. Nikamuuliza Ghadeer kama mgonjwa. Akasema hapana, ndivyo inavyofanywa. Na ubao ndio ule nliokwambia. Ukinyanyuliwa, watu wanapiga makofi. Ukigeuzwa upande wa pili, wanacheka. Hawajaambiwa kichekesho chenyewe, lakini ubao umesema.

Mtangazaji anaitwa Ubaldo. Kamera ikimtazama, ana meno arubaini na anampenda kila binaadamu. Kamera ikigeuka, uso unaanguka kama pazia lililokatika kamba, anajifuta makwapa kwa karatasi na karatasi anaitupa chini, mbele ya watu wazima. Mimi nimefanya kazi bandarini Mutrah miaka ishirini na mbili, nimeona meli zinavyooshwa matumbo. Sijapata kuona uchafu uliopakwa poda namna ile.

Siku hiyo walikuwa wapishi tisa, wanane Wataliana na Mahfudha. Ubaldo anapita meza kwa meza. Anachota kijiko, anafumba macho, anabusu ncha za vidole, anasema maneno matamu. Kamera inahamia kwa mwimbaji asiyeimba. Na hapo Ubaldo anainama kama anayefunga kamba za kiatu. Mimi nyuma ya pazia naona vizuri. Chini ya kila meza, nyuma ya kitambaa, wameweka ndoo ya bluu, na anatema. Anatema yote, anapewa maji, anasukutua, anatema tena. Katema lasanya, katema samaki, katema maandazi ya mama wa watu. Ghadeer aliniambia baadaye kwamba mtu hawezi kula sahani tisa na suti ikafungika. Basi si anunue suti nyengine?

Nilitaka kumtolea Mahfudha ishara. Sikuwahi. Ubaldo kashafika kwake. Dada yangu kasimama kwa baibui lake jipya, kipaza sauti kifuani, anamtazama yule mtu mdomoni kama anayesubiri hukumu. Kijiko kikaingia. Macho yakafumbwa. Vidole vikabusiwa. Mahfudha akaanza kutabasamu, Mahbuba, tabasamu ambalo sijaliona tangu ile homa. Kamera ikahama, na yule bwana akainama palepale miguuni pake, akatema.

Ndoo za wenzake Mahfudha hakuziona, meza zao zilikuwa mbali. Aliiona yake tu.

Kamera ikarudi, meno arubaini yakarudi. Ubaldo akauliza, kwa kupitia Ghadeer, siri ya chakula hiki ni nini. Mahfudha akabaki anaitazama ndoo. Watu wa kamera wakaanza kuzungusha mikono. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi, sauti haikupanda wala kushuka, "Iulize ndoo."

Ghadeer, mtoto wa watu, kageuka rangi. Akawaambia Wataliana kuwa bibi anasema siri ni mapenzi. Ubao ukanyanyuliwa. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Basi hapo ndipo nilipokuwa nyota. Nilitoka nyuma ya pazia na kanzu yangu, nikawapa Wataliana wa Ghuba mgongo, nikachukua sufuria yetu, nikaondoka nayo. Chakula cha mtu hakiachwi mbele ya anayetema. Wakakata picha haraka, wakamweka mwimbaji.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kitaliana, mpishi wa yale maandazi, mzee kama mimi, naye kagundua ndoo yake. Kaja nyuma ya pazia anatukana. Lugha sikuijua, lakini matusi nayajua kwa mwendo wake. Akakuta nimekaa na sufuria. Nikampa kijiko. Akala, matusi yakakatika, akala tena, kisha akavuta kiti. Alikwangua mpaka chini, akambusu Mahfudha mashavuni huku na huku, akaondoka. Nikamwambia dada yangu, umeona? Akajibu kuwa yule mwanamke alikuwa na njaa.

Tukarudi na sufuria tupu. Karibu na nyumbani nikamwapia kwa jina la Mungu kwamba lilikuwa zuri, kwamba yule mtu alitema vyote, hata vya ndugu zake. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Kaka, Idi ile ulikula biriani yangu ukaomba tena. Mimi ndiye nlieosha sufuria, nikakuta ukoko mweusi kama lami. Pua imekufa, macho hayajafa. Leo nikuamini kwa lipi?"

  Maisha yangu yote, Mahbuba, nimedanganya watu kwa mchezo na kwa huruma, na nimeona raha, na siku niliyokuwa na ukweli mmoja mkononi sikupata mnunuzi.

Kesho yake akamwita Ghadeer achukue masufuria makubwa. Kinu kapewa jirani. Tukawa tunaletewa chakula cha mkahawa kwenye makopo, na Mahfudha anakaa chumbani na tasbihi. Mtu aliyepika miaka sitini, mikono imelala mapajani kama si yake. Hilo ndilo lililonichukiza kuliko ndoo.

Siku ya kumi nikashindwa. Nikaingia chumbani kwake, nikamwambia nimezungumza nawe kwa simu, na kwamba umesema achari ya ndimu ya Mahfudha siku hizi ni ya kumpa mbuzi, na mbuzi mwenyewe aombwe radhi. Nisamehe. Hukusema. Lakini ukweli ni kwamba ungeweza kusema, na yeye hakuona ajabu hata kidogo.

Aliinuka, Mahbuba. Kakutukana weye, na goti lako, na ukoo wako, kasahau kwamba ndio wake. Siku ile ile kaniagiza ndimu kilo tatu. Zimekaa juu ya dari, juani, siku kumi na mbili, na kila asubuhi anapanda mwenyewe kuzigeuza. Jana kajaza gudulia, kalifunga kwa kitambaa na uzi. Anakuja nalo Khattab, kaka yake Ghadeer, Alkhamisi inshaallah, pamoja na barua hii ambayo nitaificha ndani ya viatu vyake.

Nisalimie shemeji Saeed, umwambie aendelee kuitikia amina. Msalimie mwanao Zakiya na wanawe, na umwambie Aseel mdogo kwamba babu yake wa Maskati bado ana meno sita, na yote yanauma watoto wasiosoma. Mungu awaweke, awape riziki isiyo na masimango, na atukutanishe kabla mmoja wetu hajaanza kusahau kwa nini anamchukia mwenzake.

Sasa dada, nna ombi dogo, na nna haki nalo. Mwaka ule chuoni, tukisoma Kurani, ulipoumwaga uji wa mwalimu, nani alisema ni yeye? Nani alikula viboko vitatu? Sijakudai mpaka leo. Nakudai sasa. Weye hujapata kusifu chakula cha mtu maishani mwako, hata matangani umesema wali mbichi, marehemu hajazikwa. Kila mtu hapa anajua hivyo, na Mahfudha anajua zaidi. Ifungue ile achari, uionje, kisha mpigie yeye, usinipigie mimi, umwambie iliyo kweli kwa ulimi wako ule ule. Ikiwa mbaya, sema mbaya, msiba nitaubeba mimi. Ikiwa nzuri, mtukane kidogo, ili aamini.

Ni mimi nduguyo akupendaye, japo hupendeki,
Harub