Shahidi Asiyetazamwa

Dar es Salaam,
9 Februari 1999

Mpendwa mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kimepata nafuu. Mimi sijambo, ila joto la huku linanifanya niikumbuke hata ile mvua ya Tukuyu niliyokuwa nikiitukana.

Mama, kwa nini habari za nyumbani nizisikie kwa watu? Esnath, binti wa jirani yetu, amekuja kwa mjomba wake huku, ndiye aliyeniambia kwamba baba mdogo Ambindwile amekushtaki. Anasema anataka shamba la migomba lililo juu ya ziwa apande chai, kwa sababu siku hizi wanunuzi binafsi wanafuata majani mpaka barabarani. Eti shamba ni la ukoo, na wewe uliachwa humo kwa huruma tu baba alipofariki. Nilisikia hasira mpaka nikashindwa kula.

Sasa sikiliza. Jarida la chama chetu cha mawakili limetoka. Kurasa za mbele ni zilezile: semina, uchaguzi, picha za wakubwa wakiwa mezani. Lakini ukurasa wa mwisho wanatafuta mawakili wa kujitolea, wiki moja mwezi wa Mei, kwenda mikoani kuwasaidia wajane na watu wasio na uwezo. Mbeya imo. Nimepeleka jina langu siku ileile. Omba tu kesi isisikilizwe kabla ya Mei, halafu mimi nitakuja kukusimamia mbele ya hakimu. Usiogope kitu.

Nisalimie babu na wote wa Kisiba.

Mwanao,
Ikupa

*

Kisiba, Tukuyu,
28 Februari 1999

Mwanangu Ikupa,

Marahaba. Ugonile? Mimi namshukuru Kyala, kifua kinakohoa lakini hakijanizuia kulima. Kama mwandiko ni mbaya, laumu mwalimu wa kisomo, alitufundisha jioni tukiwa tumechoka.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utakasirika, na hasira yako haipandi basi kuja huku. Lakini barua yako ilinipa nguvu, nikajisahau. Nilitamba kisimani kwamba binti yangu wakili anakuja. Ambindwile aliposikia akacheka. Akasema, "Shemeji, kamuulize karani." Nikaenda. Karani akaniambia hii ni mahakama ya mwanzo, mawakili hawaruhusiwi kumsemea mtu, hata awe wakili wa wapi. Kila mtu ajisemee mwenyewe. Nilirudi nimeinamisha kichwa, na kisimani sasa wananiita mama wakili.

Ambindwile anasema mwanamke aliyekataa kurithiwa na ndugu wa mumewe hana migomba. Anataka nirudi kwetu Igogwe na umri huu, nikalale jikoni kwa mke wa kaka yangu. Ikupa, mimi sina mahali pengine. Kaburi la baba yako liko katikati ya migomba ile.

Mtu anayejua ukweli ni babu yako. Yeye ndiye aliyetupimia shamba mimi na marehemu tulipooana, akachimbia mipaka kwa mkono wake. Nimemtumia ujumbe kupitia Atupakisye, wifi yangu. Amejibu kwamba akiitwa atakwenda na atasema.

Kesi ni tarehe thelathini mwezi wa tatu. Niambie la kufanya.

Mama yako,
Mama Ikupa

*

Dar es Salaam,
14 Machi 1999

Mpendwa mama,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, ila nina aibu. Karani amesema kweli. Sheria hiyo niliisoma chuoni nikafaulu mtihani wake, kisha nikaisahau, maana ofisini kwetu hakuna anayekwenda mahakama ya mwanzo.

Na jingine: chama kimetupanga. Kumbe anayejitolea hapelekwi wilaya ya kwao, wanaogopa upendeleo. Mimi nimepangiwa Singida. Nitawasaidia mama za watu, na wa kwangu atasimama peke yake. Usinicheke.

Lakini usikate tamaa, mama. Ushahidi wa babu peke yake unatosha kukupa shamba. Shahidi ni wako, kwa hiyo hakimu atakuambia umuulize wewe. Nimekuandikia maswali kwenye karatasi ya pili, kwa herufi kubwa. Usome moja, usubiri ajibu, kisha jingine. La kwanza ni hili: "Je, wewe ndiye Nsajigwa, baba mzazi wa marehemu Andongwisye?" Msogelee, mtazame usoni, usiongee kwa woga. Hakimu anapenda mtu anayemtazama shahidi wake.

Utashinda. Nijulishe mara moja.

Mwanao,
Ikupa

*

Kisiba,
2 Aprili 1999

Ikupa,

Nimeipokea salamu yako. Mimi ni mgonjwa wa moyo, si wa kifua.

Ulizaliwa wapi wewe? Nimtazame usoni? Nimtaje? Tangu niingie katika nyumba hii sijawahi kukaa chumba kimoja na babu yako. Nikimwona njiani naingia kwenye migomba mpaka apite. Jina lake limetokana na neno la baraka, na kwa sababu hiyo hata kanisani neno hilo silitamki kwa lugha yetu, nalitamka kwa Kiswahili ili nisimguse. Wewe umekua unaniona. Au ulidhani nilikuwa nacheza kujificha?

Nakueleza ilivyokuwa. Nilijiambia labda siku hiyo nitapata ujasiri, nikaishika karatasi yako. Ambindwile alisema yake, mimi nikasema yangu, vizuri tu. Hakimu akasema shahidi aingie. Nikasikia fimbo yake mlangoni, gongo, gongo. Ikupa, miguu haikuniuliza. Nilijifunika kanga kichwani nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma, nikamwangusha karani na kiti chake. Watu walicheka. Wazee wa baraza wawili wanaokaa na hakimu hawakucheka, wao ni wa hapa, wanajua, lakini walinyamaza. Hakimu ni mtu wa pwani. Akaniita kupitia dirisha: "Mama, unamkimbia shahidi wako mwenyewe? Basi huna shahidi." Ambindwile naye akasema, "Mheshimiwa, amekimbia uongo wake."

Nimepewa nafasi ya mwisho, tarehe kumi na mbili Mei. Nisipomuuliza shahidi, hakimu ataamua kwa maneno ya Ambindwile. Nikimuuliza, nimemvunjia heshima baba wa mume wangu mbele ya watu, na wanawake wa hapa hawatakaa na mimi msibani.

Elimu yako ni nzuri mwanangu, lakini imenitia shimoni.

Mama yako,
Mama Ikupa

*

Dar es Salaam,
15 Aprili 1999

Mama yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Nimesoma barua yako nimesimama palepale posta, nikalia mbele ya watu.

Nimerudi kwenye sheria, safari hii nimesoma mpaka mwisho. Wakili haruhusiwi, ni kweli. Lakini mahakama ya mwanzo inaweza kumruhusu ndugu, au mtu wa nyumbani, amsemee mwenye kesi akiomba. Mimi ni mwanao kabla sijawa wakili! Na mimi ni mjukuu. Babu namtaja, namtania, nimemwita mume wangu tangu sijaota meno. Nitamuuliza yote nikicheka naye.

Nimekiandikia chama nikajiondoa Singida. Wamenuna, wamesema mwakani nisiombe tena. Potelea mbali. Nitafika Tukuyu tarehe tisa Mei. Wewe nenda kwa karani sasa hivi, umwambie unaomba binti yako akusemee. Useme binti. Neno wakili usilitaje kabisa.

Usifanye lolote peke yako mpaka nifike.

Mwanao,
Ikupa

*

Kisiba,
25 Aprili 1999

Mwanangu Ikupa,

Marahaba. Ndaga fijo kwa barua yako. Prosper wa duka ameniletea jana Jumamosi. Kesi ilisikilizwa Jumatano.

Hakimu amehamishwa, akataka kumaliza kesi zake kabla hajaondoka. Tarishi alikuja Jumatatu jioni, akasema keshokutwa. Simu ningepiga wapi? Na ningekuambia nini, ukiwa huko? Nilikaa Jumanne kutwa nzima kwenye kaburi la baba yako nikimwomba radhi mapema.

Jumatano nilifika nikasimama nimegeukia ukuta, kanga mpaka machoni. Fimbo ikaja. Miguu ilitaka kufanya yale yale, nikaushika mti wa dirisha. Hakimu akasema, "Mama, shahidi yuko upande huu." Safari hii mzee mmoja wa baraza akafungua mdomo: "Mheshimiwa, mwache aulize hivyo hivyo. Ni mkwewe." Hakimu akasema haya, lakini amtaje, karani aandike.

Nikamtaja. Sauti haikutoka, karani akasema hakusikia. Nikamtaja tena, kwa nguvu, jina zima. Nje mwanamke mmoja alipiga yowe. Ambindwile akasimama akasema nimemlaani baba yake. Babu yako akagonga fimbo chini, na Ambindwile akakaa.

Nikauliza ukuta: shamba la juu ya ziwa ulimpa nani? Akajibu, "Nilimpa Andongwisye na mkewe. Wote wawili. Sikumpa mtu mwingine."

Shamba ni letu, Ikupa. Hukumu imesomwa siku ileile. Ambindwile anasema atakata rufaa Tukuyu, akate, huko nasikia mawakili wanaingia. Kisimani hawaniiti tena mama wakili. Hawaniiti kabisa. Nikifika wananipisha, nachota maji peke yangu. Inauma, sikufichi. Labda itapoa, labda haitapoa.

Wewe usije Mei. Waandikie hao wa chama uwaombe wakurudishe Singida, hata kama ni kwa kupiga magoti. Kuna mama huko amejiandaa kusimama na hajui kama kuna mtu anakuja. Ukifika, usianze kwa kumwandikia maswali. Muulize kwanza ni nani ambaye yeye hawezi kumtazama.

Nimalizie jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Babu yako aliposema "na mkewe", hakimu alimkatisha. Akasema, "Mkewe nani? Taja jina, karani aandike." Na yeye pia ana mwiko, Ikupa, baba mkwe naye hamtaji mke wa mwanawe. Miaka yote ananiita "wa kule", au mama wa mtoto. Mimi nikaegemeza paji la uso ukutani nikajua yamekwisha, mzee huyu hawezi kufanya niliyoyafanya mimi.

Akasema, "Atupokile."

Alilisema polepole, na hakukosea. Sikujua kama analijua.

Mama yako,
Atupokile