Jumapili Ile Moja

Babu, shikamoo huko uliko.

Nimechaguliwa kwenda darasa la walimu. Ndiyo, mimi, Tereza wako, ninayejificha jikoni mgeni akipiga hodi.

Mwaka jana nilishindwa, wakumbuka. Nilisimama mbele ya darasa, nikarudi kukaa bila neno, na mwalimu akasema, "Bubu hafundishi." Safari hii alimpa kila msichana neno moja la Kiingereza aeleze matumizi yake. Atakayenyamaza hana nafasi. Mimi nikapewa "lean".

Matumizi yake niliyajua yote. Mtu akiinama dirishani, ni hilo. Ngazi ikiegemezwa ukutani, ni hilo. Ukimtegemea mtu, ni hilo hilo. Hata nyama isiyo na mafuta! Waingereza ni wabahili wa maneno, Babu. Lakini niliposimama nikataka kurudi kukaa tena. Nyuma yangu Magdalena akanong'ona, "Haya, bubu wetu."

Ndipo nikakukumbuka ukitusimulia upagazi wako. Nikachukua mafagio mawili ya mipini mirefu, nikayafunga kwa kitambaa changu cha kichwa pande mbili za furushi la vitabu, kama mlivyofunga majora ya nguo mkienda Ujiji. Nikausimamisha mzigo, nikauegemeza mlangoni. Nikawaambia, kwa Kiingereza, kwamba mpagazi wa Kinyamwezi akichoka njiani hautui mzigo chini, maana akiutua atahitaji mtu wa kumtwisha. Huuegemeza kwenye panda ya mti, akapumzika, kisha huingiza bega chini yake na kwenda zake.

Darasa zima likataka kujaribu! Magdalena alipoingiza bega, vitabu vikamwangukia. Akasema, "Kumbe babu yako alikuwa punda?" Nikamjibu, "Punda asingefika Ujiji."

Nilijibu, Babu. Mbele ya watu.

Kisha mwalimu akataka sentensi ya mwisho, inayomhusu mtu. Nikasema: babu yangu aliniegemea kila Jumapili tukienda kanisani. Akaisifu kuliko zote. Nadhani ndiyo iliyonipa nafasi.

Ila si kweli, nawe wajua. Ilikuwa kila Jumapili isipokuwa moja. Siku ile wasichana wa shule walikuwa wamesimama mlangoni mwa kanisa, nawe unakokota mguu huku ukiniita "mke wangu" kwa sauti kubwa, kama babu wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu. Nikaona haya. Nikaliondoa bega. Sikukusukuma, lakini... nililiondoa. Ukapepesuka, ukaudaka ukuta, ukasema, "Basi, leo nimeoa ukuta." Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Jioni ukanimegea kiazi chako kama kawaida. Sikukuomba radhi. Nilidhani Jumapili ziko nyingi.

Nisamehe, Babu.

Juzi nilishindwa kuvumilia, nikamwendea mwalimu nikamwambia sentensi yangu ina uongo. Nilijua anaweza kunifuta. Akanipa chaki, akasema, "Basi kaisahihishe." Nikaandika ubaoni, wenzangu wote wakisoma: isipokuwa siku moja, niliyojitenga naye. Hakuna aliyecheka. Jina langu halikufutwa.

Kwa hiyo moyo wangu umetulia, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nimekula nikashiba.

Bibi hajambo, ila goti linamsumbua. Jumapili iliyopita alinishika bega toka barabarani hadi benchi la mbele kabisa, tukipita katikati ya watu. Ni mzito, Babu, hukuniambia! Alikuwa akisimama kila hatua mbili amsalimie mtu, nami nasimama naye, natazamwa na kanisa zima. Nitakwenda naye hivyo hivyo mpaka siku ya kuondoka kwangu, na kila likizo nikirudi.

Pumzika salama. Kwa leo naishia hapa. Bibi ananiita nimsaidie kuinuka.

Tereza